Triathloni fupi, wiki 6, saa 5 kwa wiki: nguvu iende wapi? (Kisumu)

Omena_Kavu
Wadau, habari zenu. Naleta hesabu, naomba mnisaidie kugawa. Shindano ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 za mbio. Zimebaki wiki 6 na muda ni saa 5 kwa wiki, kazi hairuhusu zaidi. Kuogelea: mtindo wa chura upo sawa, mtindo huru mita 40 tu pumzi imekwisha. Bwawa ni la hoteli, urefu mita 18. Baiskeli ni ya milimani, magurudumu ya inchi 26, tairi za meno. Mbio za kilomita 5 ni dakika 28. Lengo ni kumaliza bila kubebwa. Saa hizo 5 zigawanywe vipi?

KasiaMoja
Maji kwanza. Kwenye baiskeli ukichoka unashuka unakokota, kwenye mbio unatembea. Majini hakuna kando ya barabara.

Pumzi kukatika mita 40 si kwa sababu ya mapafu madogo. Mtu anabana hewa uso ukiwa ndani ya maji, kisha akigeuza kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja. Mdomo uko juu kwa muda mfupi sana, kazi mbili hazitoshei hapo. Anavuta hewa nusu, kaboni dioksaidi inajaa, na hiyo ndiyo inayoleta ile hofu ya kutaka kusimama. Dawa: uso ukiingia tu majini anza kutoa hewa polepole, puani na mdomoni, mapovu yasikatike. Ukigeuka, kazi ibaki moja tu, kuvuta. Fanya hivyo umeshika ukingo wa bwawa, mara 20 mfululizo, kabla ya kuogelea hata mita moja. Inachosha kuitazama lakini ndiyo inayofungua mlango.

Kosa la pili ni kichwa. Ukiangalia mbele, nyonga zinazama na unaogelea kama unapanda mlima. Angalia sakafu ya bwawa chini yako. Miguu ipige kidogo tu, ya kukuweka sawa, maana teke kubwa linakula oksijeni nyingi kuliko linavyokusukuma, na miguu hiyo hiyo inangojewa na baiskeli.

Sasa bwawa lako. Mita 18 mara 42 ni mita 756. Usidanganyike na hesabu hiyo: kila ukuta unakusukuma bure mita mbili hivi na kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Kwenye maji wazi ukuta haupo. Kwa hiyo lengo lako bwawani liwe urefu 50, yaani mita 900.

Wiki ya 1: urefu mmoja mara 16, ukifika ukutani vuta pumzi 8 ndipo uondoke.
Wiki ya 2: urefu 2 mara 12, pumzika sekunde 30.
Wiki ya 3: urefu 4 mara 8, sekunde 30.
Wiki ya 4: urefu 10 mara 4, dakika moja.
Wiki ya 5: urefu 42 bila kusimama, siku nyingine 50. Ukichanganya na chura hakuna kesi.
Wiki ya 6: urefu 4 mara 6, basi.

Mbuta_wa_Dunga
KasiaMoja, nakuheshimu lakini hesabu inakukataa. Tuchukue mtu wa kawaida: maji dakika 21, baiskeli 50, mbio 32, kubadilisha (kutoka maji hadi baiskeli, baiskeli hadi mbio) 5. Karibu nusu ya shindano mtu yuko juu ya kiti cha baiskeli. Akitoka mwendo wa kilomita 22 kwa saa hadi 25, ameokoa dakika 6 na nusu. Majini akitoka dakika 3 kwa kila mita 100 hadi 2:45, jasho lote hilo limemwokolea chini ya dakika 2. Saa 5 ni chache. Ziende mahali zinapolipa.

Halafu huku kwetu kuna ugonjwa mmoja: kila mtu anajiona mkimbiaji kwa kuwa Iten, mji wa wakimbiaji, si mbali. Anakimbia mara nne kwa wiki kwa sababu ndicho anachokipenda, kisha anashuka kwenye baiskeli mapaja yamekuwa mbao, na zile dakika 28 zinageuka 37.

KasiaMoja
Hapo kwa wakimbiaji tuko pamoja. Lakini mwogeleaji wa mita 40 hana dakika 2 za kuokoa, ana mita 710 za kutafuta. Kwanza afike ng'ambo. Nakubali hivi: wiki nne za mwanzo maji mara tatu, dakika 40 kila safari. Akishafikisha urefu 42, maji yashuke hadi mara mbili na muda uende kwenye baiskeli.

Kuhusu chura: unaruhusiwa, mtindo wowote unaruhusiwa. Tatizo lake ni teke la pembeni. Kwenye msongamano wa mwanzo utampiga mtu mbavu, na ukiogelea nao mita zote 750 mapaja ya ndani yatakuwa yamechoka kabla ya pedali. Utumie kwa mapigo manne au matano pale unapotaka kuona boya au kutuliza pumzi, kisha rudi.

Muuguzi_Zamu
Naona hakuna aliyegusa ziwa lenyewe. Omena_Kavu, usifanye mazoezi ya kila siku Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria, kwa kuwa ni bure. Sababu ya kwanza ni kichocho. Huku kwetu ni kile cha utumbo, kinachokwenda hadi kwenye ini. Viluwiluwi vyake vinatoka kwenye konokono walio kwenye maji matulivu ya kina kifupi, hasa penye majani, na vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, takriban saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kujifuta taulo haraka kunaweza kupunguza, lakini si kinga ya kutegemea.

Kama shindano ni la ziwani, ingia siku hiyo, na ikiwezekana mara moja kabla kwa kuzoea, mahali penye kina palipopangwa na waandaaji. Kisha wiki 6 hadi 8 baadaye nenda kituo cha afya upimwe au upewe praziquantel. Usimeze kesho yake ukadhani umemaliza, kwani dawa hiyo haiui minyoo michanga. Ukimeza mapema, wanabaki wanakua.

Sababu ya pili ni viboko na mamba. Usiingie majini peke yako alfajiri au jioni, wala mahali wavuvi wenyewe hawaogi. Ya tatu ni magugumaji. Upepo ukigeuka usiku, sehemu uliyoiona wazi jana asubuhi inaweza kuamka imefunikwa kama shamba. Usijaribu kupita katikati yake. Miguu inanaswa, na huoni kilicho chini.

KasiaMoja
Asante Muuguzi. Naongeza la maji yale: ni ya rangi ya chai ya maziwa, hata mkono wako huuoni ukinyoosha. Aliyezoea mstari wa vigae chini ya bwawa hupoteza mwelekeo katika mita 50 za kwanza. Fanya mazoezi ya kuona mbele bwawani: kila mapigo 8, inua macho tu juu ya maji kama mamba, ona kitu kikubwa kilicho nyuma ya boya (mnara, paa, mti), shusha uso, ndipo ugeuke kuvuta pumzi. Usivute pumzi ukitazama mbele, utakunywa wimbi. Na urefu kadhaa uogelee umefumba macho, ufumbue kila mapigo 8. Utajua mkono upi unakupeleka kombo.

Siku yenyewe simama nyuma na pembeni. Subiri sekunde 15 baada ya filimbi, wenye haraka wapigane. Hofu ikija, geuka chali, au shika mtumbwi wa waokoaji. Kwa kanuni za kawaida kushika ni ruhusa, mradi usisogezwe mbele.

Suti ya mpira usinunue. Chini ya kanuni za kimataifa, kwa umbali huu washiriki wa kawaida hawaruhusiwi kuivaa maji yakizidi nyuzi 22, na maji ya Kisumu ni ya joto zaidi ya hapo.

fundi_spoki
Baiskeli ya milimani inatosha kabisa, shida ni zile meno. Kwenye lami meno yanavuma kama nyuki na kila mvumo ni nguvu yako inayopotea. Weka tairi laini, 26 kwa 1.5. Pima upana wa rimu kwanza. Kwa mtu wa kilo 70 jaza hewa presha ya psi 55 hivi, gurudumu la nyuma lizidi kidogo la mbele. Usizidishe kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kama uma wa mbele una springi na kuna kifungio, ufunge, la sivyo kila ukisimama kwenye pedali unasukuma springi badala ya barabara.

Vali ni jambo linaloangusha watu wengi. Kuna tatu: ile nene kama ya gari, ile ya baiskeli zetu za mizigo, na ile nyembamba ya baiskeli za mashindano za mtumba. Ile nyembamba haijazwi petroli stesheni bila kiunganishi cha shaba, kidude kidogo kama kofia ya vali. Nunua viwili, kimoja kitapotea. Na tyubu ya vali nene haiingii kwenye rimu iliyotobolewa kwa nyembamba, tundu ni milimita 6 na vali ni 8. Kuna mafundi wanaolipanua kwa tupa. Usikubali kwenye rimu nyembamba, unadhoofisha chuma pale pale. Ukijaza kwa mashine ya magari, gusa na kuachia, gusa na kuachia, maana inapeleka hewa nyingi na tairi la baiskeli ni dogo.

Cheni: osha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kausha kwa kitambaa, kisha tone moja la oili nyepesi kwa kila pingili, zungusha pedali nyuma mara 20, futa yote ya nje. Oili chafu ya gari iache huko huko. Inashika vumbi, vumbi linakuwa msasa, na msasa unakula meno ya gia. Kupima uchakavu, chukua rula ya inchi. Sifuri iwe katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele. Inatakiwa ikae kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni, kabla haijakula gia za nyuma ambazo bei yake ni nyingine.

Breki: tazama mifereji kwenye raba. Mifereji ikiwa imepotea, raba imekwisha, hata kama inashika. Raba isiguse tairi hata kwa nywele moja, itatoboa ubavu.

Omena_Kavu
Fundi, nashukuru sana. Kiti kipande kiasi gani? Na gia ipi ya kukaa muda mrefu?

fundi_spoki
Kaa kitini, mtu akushikie baiskeli, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukirudisha kitako cha vidole kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, hapo ndipo. Wengi Kisumu wanaendesha kiti kikiwa chini kama cha boda ili miguu ifike ardhini. Kwa kilomita 20 goti litakuuliza. Piga alama ya kalamu kwenye nguzo ya kiti, kikishuka utajua. Kisha kaza boliti yake mwenyewe, usimwachie mtu.

Gia: hesabu goti moja linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Likipanda mara 20 hadi 22 upo vizuri. Chini ya 17 gia ni nzito, unachoma mapaja ya kukimbilia.

Mbuta_wa_Dunga
Barabara: ya kwenda Ahero ni tambarare, nzuri kwa kushika mwendo, lakini ina malori ya miwa na matatu zinazokata kushoto ghafla bila kukuonya. Nenda kabla ya saa 1 na nusu asubuhi, taa nyekundu nyuma iwe inawaka. Kwa kupanda, toka Mamboleo kuelekea Kiboswa, mara moja kwa wiki, umekaa kitini, gia nyepesi. Upepo wa ziwani unaamka mchana na kuzidi alasiri. Usipime mwendo wako saa 10 jioni ukakata tamaa, huo ni upepo.

Chanja_Mbili
Nimesoma yote, hakuna aliyezungumzia kubadilisha. Mtu anaweza kupoteza dakika 4 hapo akitafuta soksi.

Panga hivi. Taulo dogo sana chini, pembeni mwa gurudumu la mbele. Viatu juu yake, midomo wazi, unga wa poda ndani. Helmeti juu ya usukani, imepinduliwa, sehemu ya mbele ikikutazama, mikanda imening'inia nje. Ndani ya helmeti miwani ya jua, mikono ikiwa wazi. Baiskeli iwe kwenye gia nyepesi tayari, wengi wanaiacha kwenye nzito waliyofikia nayo, kisha wanaanguka kwenye mstari wa kupandia.

Ukitoka majini: vua miwani na kofia ukikimbia, vibaki mkononi. Ukifika: helmeti kwanza, FUNGA KLIPU, ndipo uguse baiskeli. Ukirudi, ning'iniza baiskeli kwanza ndipo ufungue klipu. Hii ndiyo kanuni inayoadhibu wageni kuliko zote, na mwamuzi hasikii maelezo. Panda baada ya mstari, shuka kabla ya mstari. Visikizi vya muziki marufuku, chupa za kioo marufuku, kifua wazi marufuku.

Namba ishone kwenye lastiki pana ya fundi cherehani yenye kifungo. Kwenye baiskeli ikae mgongoni, kwenye mbio uizungushe mbele. Badilisha pia kamba za viatu uweke lastiki, unavuta tu. Vaselini shingoni, kwapani, na mapajani, lakini mwombe mwenzako akupake, au upake kwa mfuko wa plastiki. Mkono wenye mafuta ukigusa miwani ya kuogelea, huoni boya tena.

Na kabla ya filimbi tembea mara mbili kutoka mlango wa majini hadi baiskeli yako ukihesabu safu. Baiskeli zote zinafanana ukiwa na maji masikioni.

jogoo_la_Kondele
Msisahau maji ya kunywa. Joto la Kisumu si mchezo, asubuhi ya shindano mtu anywe lita 3 kabla ya kuanza.

Muuguzi_Zamu
Jogoo, hapana. Lita 3 kwa mkupuo zinaweza kuzimua chumvi ya damu, na mtu anaanza na kichefuchefu au zaidi ya hapo. Nusu lita saa 2 kabla, kisha fundo chache. Kwenye baiskeli chupa moja ya nusu lita au mililita 750, kidogo kidogo kila dakika 10. Mchanganyiko wa nyumbani: maji lita 1, sukari vijiko 5 vya mezani, chumvi robo ya kijiko cha chai, ndimu moja. Uonje mazoezini, si siku yenyewe.

Chakula: usiku wa kuamkia, ugali au wali na samaki, sukuma kidogo, maharage yaache. Asubuhi, zikibaki saa 2 na nusu hadi 3 kabla ya kuanza, ndizi na mkate au viazi vitamu, na chai yako ya kila siku. Maziwa mengi yanarudi majini.

Dalili za kusimama mara moja: baridi ya ghafla na ngozi kusisimka juani, kizunguzungu, kutojibu swali rahisi. Kivuli, maji mwilini kwa nje, na msaada.

Menengai_Juu
Kwa wanaopanda kuja Nakuru kushindana: Kisumu ni takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru ni takriban 1,850. Utaiona kwanza bwawani. Kama umezoea kuvuta pumzi kila mapigo matatu, vuta kila mapigo mawili tangu mwanzo, usingoje udaiwe. Kwenye baiskeli hewa nyepesi inakusaidia kidogo, hivyo mwendo unaweza kudanganya: saa inasema vizuri, moyo unasema vibaya. Ufuate moyo. Mbio anza sekunde 15 hadi 20 polepole kwa kila kilomita. Asubuhi huku ni baridi, beba koti la kuvaa mpaka dakika ya mwisho. Na Ziwa Nakuru ni la magadi, si la kuogelea, maji ni bwawani tu.

Mbuta_wa_Dunga
Naweka ratiba, KasiaMoja akosoe.

Wiki 1 hadi 4: Jumatatu maji dakika 40. Jumatano maji dakika 40. Alhamisi mbio dakika 30, mwendo wa kuzungumza. Ijumaa maji dakika 40. Jumapili baiskeli dakika 75, ushuke, uning'inize, ukimbie dakika 10 hapo hapo. Hizo 10 ndizo zinazofundisha miguu, usizikate. Wiki ya 3 zifike 15. Jumla saa 3 na dakika 55, kuanzia wiki ya 3 saa 4 kamili, inayobaki ni ya safari na kuoga.

Wiki ya 5: maji mara mbili. Jumatano baiskeli saa moja, ndani yake mara 4 za dakika 6 kwa nguvu, dakika 3 za kupumzisha miguu. Jumapili baiskeli kilomita 20 kwa mwendo wa shindano, mbio kilomita 3.

Wiki ya 6: kila kitu nusu. Siku mbili za mwisho usifanye lolote la kuonyesha watu.

KasiaMoja
Sina la kukosoa ila moja: kilomita ya mwisho ya baiskeli shusha gia, zungusha haraka bila nguvu. Na kilomita ya kwanza ya mbio iwe ya aibu, fupisha hatua, waache wakupite. Miguu itakuwa kama si yako kwa dakika 5 au 6, kisha inarudi.

Omena_Kavu
Nimenakili yote. La mwisho: soksi, nivae au nisivae?

Chanja_Mbili
Kama hujawahi kukimbia kilomita 5 na mguu mbichi bila soksi, vaa. Zikunje kama donati mpaka kwenye vidole, uziweke ndani ya viatu, poda ndani yake. Ukitoka majini unaingiza vidole na kuvuta juu. Sekunde 10 kwa mguu, lengelenge huchukua wiki.

fundi_spoki
Na tyubu ya akiba ifunge chini ya kiti kwa mpira, pamoja na nyenzo mbili za kuvulia tairi. Miba ya barabara ya Ahero haichagui.